Mfupa na gegedu: kipi kikiumia ni balaa zaidi?
Wengi wanaogopa kuvunjika mfupa kuliko kuumia gegedu, mi naona wamegeuza. Mfupa ni mgumu sababu una kalsiamu, ila uko hai kabisa, una mishipa ya damu inayouletea chakula, ndo maana mtu akivunjika mkono anafungwa hogo (plasta ngumu) na baada ya wiki 6 hadi 8 mara nyingi unakuwa umeunga. Sasa gegedu, kile kitu laini cha puani na masikioni, halina mishipa ya damu, na lile la gotini linategemea majimaji ya jointi tu, kwa hiyo likilika halirudi kirahisi, mfupa unasaga mfupa, hata kushuka ngazi inakuwa maumivu. Jamani tuyatunze magoti!