Thanksgiving ndani ya RV pale Grand Canyon: gari tamu, mkataba mchungu

Watu kadhaa wameniuliza kama ile RV (gari-nyumba) tuliyokodi Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, kwenda korongo la Grand Canyon ililipa au tungebaki tu nyumbani Phoenix tule bata mzinga wetu tulale, sasa naandika mara moja niwe nimemaliza. Gari lenyewe nyota 4 kati ya 5. Sehemu tuliyopaki nyota 5. Kampuni iliyotukodisha nyota 2, na hiyo ya pili nimewapa kwa heshima ya yule kijana wa getini aliyetusaidia kufunga viti vya watoto. Jina la kampuni siweki, ila mambo yao nitayasema.

Kwa asiyewahi kuingia ndani ya haya madude, tulichukua ile saizi ya kati wanayoiita Class C, ile yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, futi 30 hivi yaani mita 9, mbele ni Ford E-450 ya petroli na nyuma ni nyumba kabisa: jiko la gesi, friji, meza, choo, bafu, na kipande cha ukuta ambacho ukibonyeza kitufe kinasogea nje sebule inaongezeka. Leseni ya kawaida inatosha. Wameandika inalala watu 8. Jamani. Inalala 8 kama nusu yao ni watoto na wote wanapendana. Wewe usihesabu vitanda, hesabu siti zenye mkanda, maana mkataba unakataza mtu kulala kule nyuma gari likitembea, na ukiona vile sahani zinavyoruka ndani ya kabati kwenye kona utaelewa kwa nini.

Sisi tulikuwa mimi, mume wangu, watoto, na mama mkwe aliyekuja kutoka Tanga kututembelea. Marafiki zetu Wakongo, watu wa Bukavu, familia ya Mama Mapacha, walikuja na gari lao wakachukua hoteli pale Tusayan, kamji kadogo nje kidogo ya geti la hifadhi. Kwa hiyo tulipata kulinganisha vizuri, hoteli na RV, sikukuu ileile na baridi ileile. Matokeo yake ni kwamba wao walilala hotelini tu, mchana kutwa na jioni yote walikuwa kwetu, kwa sababu chumba cha hoteli hakina meza ya kukaa watu wote na hakina pa kupikia. Hapo ndipo RV inapolipa, mengine ni mbwembwe. Ukiwa na mgeni wa heshima kama mama mkwe, ambaye hawezi kula hamburger siku nzima na anataka chai yake ya tangawizi saa kumi na moja alfajiri, jiko lako kutembea na wewe ni kitu kikubwa sana.

Njia: unatoka Phoenix, mita 330 hivi kutoka usawa wa bahari, unapanda barabara kuu ya I-17 mpaka mji wa Flagstaff ambako ni mita 2,100, na ile RV kwenye vilima inapumua kwa shida, malori yanakupita, mama mkwe kule nyuma anasali kwa sauti. Magari madogo wanasema mwendo wa saa tatu na nusu mpaka Grand Canyon, wewe weka tano na kupumzika. Mafuta inakunywa vibaya mno, maili 8 au 9 kwa galoni. Jaza Flagstaff au Williams, usingoje Tusayan, bei ya pale ni ya watalii.

Tulipaki Trailer Village, kambi ya RV ndani ya hifadhi kabisa, upande wa South Rim, yaani ukingo wa kusini wa korongo. Hapa sina la kulalamika. Nafasi ni zile za kuingia mbele na kutokea mbele, huhitaji kurudi rivasi na kugombana na mkeo mbele za watu, umeme upo, maji yapo, na tundu la kumwaga maji machafu lipo palepale ubavuni. Basi za hifadhi ni bure na zinapita hapo, kwa hiyo RV ukishaipaki unaisahau. Geti tulilipa dola 35 kwa gari, inakaa siku 7. Asubuhi unafungua mlango unakuta elk, wale paa wakubwa kama ng'ombe, wamesimama wanakula majani kana kwamba ni wao waliokodi ile nafasi (wanakataza kuwasogelea, na mwenye akili hahitaji kukatazwa).

Mama mkwe magoti yanamsumbua, lakini njia ya ukingoni kuanzia Mather Point kuelekea Yavapai ni ya lami na tambarare, alitembea mwenyewe na fimbo yake. Alipofika ukingoni alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza korongo limechimbwa na nini, nikamwonyesha Mto Colorado kule chini, kilomita 1.6 kwenda chini yaani unaonekana kama uzi. Akaniangalia. "Mwanangu, kale kamto ndiko kamefanya yote haya? Basi Pangani ni mvivu."

Sasa mapishi, maana ndiyo sikukuu yenyewe. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, imekuwa hivyo kisheria tangu 1941, na kwa Wamarekani bila bata mzinga hakuna kitu. Oveni ya RV ni ndogo na moto wake unatoka chini tu, bata wa kilo 7 haingii hata ukimkunja mabawa, kwa hiyo tulimchoma nyumbani Jumanne, tukamkata vipande, tukamfunga kwenye foili, kazi ya oveni ikawa kupasha tu. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Vingine vyote tulipika pale: pilau ya mbuzi, maharage ya nazi, kachumbari, chapati, na Mama Mapacha akaleta sombe yake (kisamvu) na unga wa bugali.

Kitu ambacho kampuni haikuambii wala vile vikaratasi vyao vya maelekezo havisemi ni mwinuko. Kule juu mita 2,100 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo yanatokota vizuri kabisa unayaona lakini maharage hayaivi, unangoja unangoja, gesi inaisha. Pilau nayo ilikunywa maji zaidi na muda zaidi, mama mkwe akalaumu mchele wa Marekani na sikumbishia. Beba presha kuka, sio hiari. Sisi maharage yaliiva kwa sababu ya presha kuka ya Mama Mapacha, Mungu ambariki.

Chapati pikia nje. Kengele ya moshi iko karibu na jiko na chapati ya tatu tu inaanza kupiga kelele mtaa mzima wa kambi unakuangalia, tulikuwa na jiko dogo la gesi la nje tukaliweka mezani, Mama Mapacha amejifunga blanketi anasukuma huku anasema "hii baridi iko mukali", watoto wanakula zikitoka. Tukiwa hapo majirani wa upande wa pili, wazee wawili Wamarekani wenye RV kubwa kama basi la Dar kwenda Mwanza, wakaja na pai ya maboga, wakaondoka na sahani ya pilau, na baadaye wakarudi kuuliza kama imebaki.

Umeme nao una masharti yake. Gari letu ni la ampea 30, volti 120, maana yake wati 3,600 basi. Birika wati 1,500, hita ndogo wati 1,500, maikrowevu nayo karibu hivyohivyo, jumlisha mwenyewe. Breka ilikata Baba Mapacha akiwa katikati ya sala ya chakula, giza totoro, akaendelea kusali bila kusita na tukaitikia amina gizani. Ukitaka chai, zima hita. Hakuna ujanja mwingine.

Usiku Novemba kule ni chini ya sifuri. Mpira wa maji ukiuacha umeunganishwa usiku unaganda, kwa hiyo jioni tulikuwa tunajaza tenki la ndani, tunauchomoa, tunatumia pampu. Maji ya moto ni galoni 6, lita 23 hivi, mtu mmoja akioga kama yuko nyumbani kwao wa pili anaoga barafu, ila karibu na kambi ya Mather kuna jengo lenye bafu za kulipia na mashine za kufulia, sisi tulienda huko. Kumwaga choo: vaa glavu, fungua kwanza tenki la choo halafu lile la sinki na bafu lifuate kusafisha paipu. Kazi hiyo aliifanya mume wangu na naomba tuishie hapo.

Haya, kampuni. Bei waliyoweka mtandaoni ni ya gari tupu. Mashuka unalipia. Vyombo vya jikoni unalipia, na sufuria kubwa kuliko zote kwenye hilo boksi ilikuwa ya kuchemsha tambi za watu wawili, pilau utaipikia wapi? Maili zikizidi unalipia, jenereta inahesabiwa kwa saa, bima juu yake, usafi juu yake, mpaka mwisho bei ilikuwa imekaribia mara mbili ya ile iliyotuvutia. Hayo ningevumilia. Ambalo sivumilii ni gesi. Walituambia mtungi umejaa, mshale ukawa unaonyesha umejaa, na usiku wa saa tisa hita kubwa ikazima maana gesi imekwisha, mama mkwe ndani, watoto ndani, nje barafu. Simu yao ya dharura inapokewa na mashine inayokuambia simu yako ni ya muhimu. Tulisalimika kwa ile hita ndogo ya umeme tuliyobeba kutoka nyumbani, na kwa kuwa tulikuwa kwenye umeme wa kambi. Tuliporudisha gari wakataka kututoza gesi. Mume wangu ni mtu mpole sana, siku ile hakuwa mpole. Walifuta.

Ukikodi popote, fungua mwenyewe moto wa jiko na hita kabla hujatoka getini kwao, waambie wakujazie gesi ukiona kwa macho, piga picha mshale na kila mkwaruzo. Sufuria, mashuka na hita beba vya kwako.

Je, ni nafuu kuliko hoteli? Hapana. Familia ya Mama Mapacha walitumia pesa kidogo kuliko sisi, hata ukiweka mafuta yao. Kwa watu wawili nisingehangaika. Kwa familia yenye mzee na watoto, wanaotaka kupika na kukaa pamoja mpaka usiku, ningekodi tena, ila sio kwa wale.

Mwisho kabisa, tafuta nafasi ya kupaki kwanza ndipo ukodi gari, sio kinyume chake, maana wiki ya Thanksgiving panajaa. Trailer Village ikikosekana kuna Mather hapo jirani, nafasi zake zinafunguliwa miezi 6 kabla, ni nzuri na ya bei chini, ila haina umeme wala maji kwenye nafasi na gari lisizidi futi 30. Na jenereta wanaruhusu kwa saa maalum tu, kwa hiyo na baridi ile, mama mkwe muache nyumbani au mchukulie chumba Tusayan.