Waifai ya laptopu yangu ilirudi kwa mstari mmoja

Waifai ya laptopu yangu ilipotea usiku mmoja hapa Chake Chake, na kosa ni langu. Mchana wake nilikuwa nimeweka programu ya bure ya kusafisha kompyuta, nikairuhusu izime kila ilichokiona hakina kazi. Orodha ya mitandao ikatoweka yote.

Fundi wa mjini aliitazama dakika mbili. "Yakhe, kadi imekufa hiyo, ya kuagiza Unguja." Sikushawishika. Kwenye orodha ya vifaa kadi ya waifai ilikuwa nzima, na draiva, yaani programu inayoiendesha, haina alama yoyote ya njano ya hitilafu.

Nyumbani nikaunga simu kwa waya wa USB nipate intaneti, kisha nikajaribu kile kitufe cha Windows 10 kiitwacho Network reset. Kinazing'oa kadi zote za mtandao na kuzipachika upya, na baada ya dakika 5 kompyuta inajizima na kujiwasha. Nywila zangu zote za waifai zikafutika, ya nyumbani na ya skuli, na tatizo palepale! Ukitaka kukitumia, ziandike kwanza.

Nikaiendea huduma ya WLAN AutoConfig, programu ya Windows ya nyuma ya pazia inayotafuta na kuunganisha waifai, niiwashe kwa mkono. Ikagoma na kosa namba 1068, maana yake WLAN AutoConfig inategemea huduma nyingine, na hiyo nyingine ndiyo haiwaki. Kumbe ni ndisuio. Hii ni huduma ya draiva, haimo kwenye dirisha la kawaida la huduma, hivyo unaweza kulipekua mpaka alfajiri usiione. Nikafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi nikaandika sc qc ndisuio. Jibu: 4, yaani imezimwa. Asili yake ni 3, huwaka inapohitajika. Nikairudisha hivi:

sc config ndisuio start= demand

Baada ya alama ya sawasawa acha nafasi. Mie mara ya kwanza niliibana, nikamwagiwa maelezo marefu ya jinsi ya kutumia amri. Kisha net start wlansvc, ambalo ni jina fupi la WLAN AutoConfig, na mitandao ya majirani ikajipanga kama kawaida, bila hata kuzima kompyuta.

Kitufe nakipa nyota mbili, amri ya sc tano. Programu ya kusafisha nimeifuta. Kesho yake nilimpitia fundi kumwonesha. Akacheka, akaniomba nimwandikie ule mstari kwenye karatasi.