Fushimi Inari alfajiri, Miyajima maji yakipwa: siku kumi Japani na shangazi yangu

Mara ya kwanza tulifika hekalu la Fushimi Inari mjini Kyoto saa saba mchana, na tukaondoka baada ya nusu saa. Hapakuwa na pa kukanyaga. Njia ile ya malango mekundu ambayo kila mtu ameiona pichani ilijaa watu bega kwa bega, na kila hatua tatu kuna mtu kasimama anapigwa picha. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa miaka 63 mwenye goti linalomsumbua, alishika nguzo ya lango moja akaniuliza, “Mwanangu, haya ndiyo tuliyoyafuata kutoka Tanga?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Kesho yake tulirudi. Tuliswali alfajiri hotelini, tukapanda treni ya JR, yaani kampuni za reli za Japani, pale stesheni ya Kyoto. Ni dakika tano tu, na ukishuka stesheni ya Inari hekalu liko mbele ya uso wako. Hakuna kiingilio, na hapafungwi usiku wala mchana. Ilikuwa Novemba, saa kumi na mbili asubuhi, jua bado. Watu tuliowakuta hawakufika hata kumi na tano, wengi wao wazee wa mtaa ule waliokuja kunyoosha miguu. Wanakuinamia kichwa kidogo, wanapita.

Hapo ndipo tulipopaona mahali penyewe. Inari ni mungu wa mpunga katika dini ya Kishinto, na baadaye wafanyabiashara nao wakamfanya wao. Malango hayo, ambayo Wajapani huyaita torii, yametolewa na watu na kampuni kuomba au kushukuru kwa riziki, na yako maelfu. Ukipanda huoni kitu ila rangi. Shangazi aliposimama kupumzisha goti na kugeuka nyuma, akaona kila nguzo imeandikwa kwa wino mweusi kutoka juu hadi chini: jina la aliyetoa na tarehe. “Kumbe kila lango lina mwenyewe,” akasema, na kuanzia hapo alikuwa anageuka kila baada ya hatua chache kuyatazama. Pembeni wamekaa mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari, baadhi yao wameuma ufunguo, nao ni ufunguo wa ghala la mpunga. Kilima chenyewe ni mita 233. Ukizunguka chote ni saa mbili hadi tatu. Sisi tuliishia Yotsutsuji, njia panda ambapo mji wa Kyoto unaonekana chini, tukanywa chai yetu ya chupa, tukarudi. Tulipokuwa tunatoka saa mbili asubuhi, makundi ya watalii yalikuwa yanaingia.

Tangu nirudi, ndugu na marafiki wananiuliza kama vivutio vya Japani vinastahili nauli ile. Vinastahili, nasema bila kusita. Tena milangoni kwenyewe ni bei nafuu kuliko nilivyotegemea. Lakini mahali palepale panaweza kukukera au kukutoa machozi kwa tofauti ya saa sita tu, na jambo hilo hatukuambiwa na mtu kabla ya kusafiri.

Tokyo nitaipita haraka kwa sababu tulikuwa tumechoka na safari ya ndege. Hekalu la Sensō-ji pale Asakusa tulilitembelea usiku, maduka ya mtaa wa Nakamise yamefungwa, taa zimewashwa, na chini ya ile taa kubwa nyekundu ya lango la Kaminarimon tukasimama peke yetu. Kuona mji kutoka juu hakuna haja ya kulipa: jengo la serikali ya jiji pale Shinjuku lina ukumbi ghorofa ya 45, mita 202, bure. Na kwa Waislamu wenzangu, msikiti wa Tokyo Camii ulioko karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, uliojengwa upya kwa mtindo wa Kituruki na kufunguliwa mwaka 2000, ulitupa utulivu ambao tulikuwa hatujaupata tangu tushuke uwanja wa ndege. Pana duka la vyakula vya halali palepale. Mahali pengine tulilazimika kuuliza sana, maana hata samaki wa kupikwa huweza kuwa na mirin, kiungo cha majimaji chenye pombe. Onigiri, yaani matonge ya wali yenye samaki ndani, pamoja na mayai na matunda ndivyo vilivyotubeba siku nyingi.

Kinkaku-ji, lile banda la dhahabu la Kyoto, halipati alama kubwa kwangu. Linang'aa kweli juu ya maji, na historia yake inasikitisha: lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950, likajengwa tena mwaka 1955. Lakini njia ni ya upande mmoja, unasukumwa na umati kama unatoka uwanja wa mpira, na huwezi kurudi nyuma kutazama tena.

Nara ndiyo iliyomfurahisha shangazi mpaka akasahau goti. Ni kama dakika 45 kwa treni kutoka Kyoto, na bustani yake ina kulungu zaidi ya elfu moja wanaojitembelea kati ya watu. Zamani walihesabiwa kuwa wajumbe wa miungu, ndiyo maana hawakuguswa. Unawanunulia biskuti maalumu, unainamisha kichwa, na kulungu naye anainama. Shangazi alicheka kama mtoto. Tahadhari yangu ni hii: wakishaona biskuti hawana subira. Mmoja alimvuta pindo la kanga, na alipoliachia lilikuwa limelowa na limechanika urefu wa kidole. Toa biskuti upesi, kisha waonyeshe mikono mitupu, watakuacha.

Karibu na hapo ni Tōdai-ji. Sanamu ya Buddha ya shaba iliyomo ina urefu wa kama mita 15 na ilizinduliwa mwaka 752. Jengo la mbao linaloifunika ni la mwaka 1709, na nilipoingia nilinyamaza tu. Nyuma kuna nguzo yenye tundu ambalo inasemekana lina upana wa tundu la pua ya sanamu hiyo, na watoto wanapanga foleni kupenya.

Kuhusu treni nina dukuduku, niseme ili mwingine asiumie. Wakala mmoja wa safari alituuzia pasi ya JR ya siku saba, ya kupandia treni bila kukata tiketi moja moja, akituhakikishia kuwa tungeokoa fedha nyingi. Oktoba 2023 pasi hiyo ilipanda kutoka yen 29,650 hadi 50,000. Njia yetu ilikuwa Tokyo, Kyoto, Hiroshima, kisha Osaka tulikopandia ndege ya kurudi. Nilipokuja kupiga hesabu ya tiketi moja moja nilipata kama yen 36,000. Kila mmoja wetu alipoteza karibu yen 14,000, na bado pasi haikuturuhusu kupanda Nozomi, treni ya haraka kuliko zote, bila kuongeza fedha. Pigeni hesabu yenu wenyewe kabla ya kulipa. Ila treni zenyewe hazina lawama. Ukitoka Tokyo kwenda Kyoto chagua kiti cha dirishani upande wa kulia, herufi E. Baada ya kama dakika 45, kama hakuna mawingu, mlima Fuji unasimama dirishani pako. Ni mita 3,776, mfupi mbele ya Kilimanjaro, lakini umesimama peke yake karibu na bahari na theluji kichwani, na behewa zima liliacha mazungumzo.

Hiroshima msiiweke kama mahali pa kupita. Tulikuwa tumeitengea saa tatu, ikachukua siku nzima. Kiingilio cha makumbusho ni yen 200. Ndani kuna saa ya mkono iliyosimama saa mbili na robo asubuhi, dakika ambayo bomu la atomiki lililipuka tarehe 6 Agosti 1945. Kuna nguo za wanafunzi, zimeungua, na vyombo vyao vya chakula cha mchana. Shangazi amefundisha shule ya msingi miaka 34. Alisimama mbele ya kisanduku kimoja cha chakula kilichogeuka mkaa, akakitazama muda mrefu, akasema kwa sauti ya chini, “Huyu mama yake alimfungia asubuhi.” Tukaketi kwenye benchi nje. Pale bustanini kuna mnara wa watoto unaomkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu lilipoanguka na akafariki kwa saratani ya damu mwaka 1955, akiwa bado anakunja karatasi ziwe ndege, korongo. Watoto wa shule walikuwa wanaleta mashada ya korongo hao na kuimba. Tuliwasikiliza mpaka wakamaliza.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kisiwa cha Miyajima: treni kama nusu saa, kisha feri ya dakika kumi. Hekalu la Itsukushima limejengwa juu ya nguzo ufukweni, na lango lake kubwa limesimama baharini. Wageni wengi huja, huliona maji yakiwa yamejaa au yamekupwa, huondoka. Sisi tulikuwa na mtaalamu. Shangazi amezaliwa Pangani, baba yake alikuwa mvuvi, na usiku uliopita alikuwa ameuona mwezi mpevu dirishani. “Kesho ni bamvua,” alisema. “Tukae mpaka yapwe.” Kwetu bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, hujaa mnamo saa kumi, huku tulikuta maji yamejaa saa nne asubuhi, na saa kumi jioni ndipo yalipokupwa. Nyakati hizo hubandikwa kila siku, kwa hiyo hata asiyejua mwezi anaweza kupanga.

Asubuhi lango lilielea. Tukala chaza wa kuchoma, tukaswali pembeni, tukasubiri. Jioni tope likafunuka na tukaliendea kwa miguu, viatu mkononi. Lango hili ni la mwaka 1875, kimo chake ni mita 16.6, na halijachimbiwa chini: limesimama kwa uzito wake mwenyewe. Nguzo zake kuu ni za mkafuri, mti wa karafuu maiti, magogo mazima yasiyochongwa kunyooka, na chini kabisa magamba madogo ya baharini yamenata kama kwenye majahazi yetu. Shangazi aliweka kiganja pale maji yalipoishia asubuhi, juu kuliko kichwa chake, alama ya unyevu bado haijakauka. Akakiacha hapo mpaka maji yalipoanza kurudi na kutulowesha vifundo vya miguu.