Uzoefu wangu na kozi ya uandishi wa kubuni kwa njia ya tafakuri na kujitambua

Nianze na swali ambalo kila anayenifuata kuhusu kozi hii huniuliza: je, utamaliza ukiwa na mswada mkononi? Hapana. Tangazo lao linadokeza hivyo, lakini utakachopata ni madaftari yaliyojaa maandishi ghafi, na ndani yake kurasa chache zenye uhai kuliko ulivyozoea kuandika. Ukilijua hilo mapema hutalia na mtu.

Ni kozi ya mtandaoni ya wiki nane. Kila wiki unapewa sauti iliyorekodiwa ya kukuongoza kwenye tafakuri, zoezi la kuandika la kila siku, na kikao kimoja cha pamoja ambapo mnasomeana. Muundo huu umekopwa waziwazi kutoka programu ya kupunguza msongo wa mawazo ambayo Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, nchini Marekani. Ile nayo ni ya wiki nane, na mazoezi ya mwanzo ni yaleyale ya kufuatilia pumzi na kuupitia mwili kiungo baada ya kiungo. Upande wa kalamu wamechukua uandishi huru, yaani kuandika dakika kumi bila kusimama wala kufuta, kama Peter Elbow alivyoueleza kwenye kitabu chake cha 1973. Kuuoanisha mtindo wa namna hiyo na ukaaji wa Kizen, yaani ule wa tafakuri ya Kibudha, ni jambo lililovuma zaidi baada ya kitabu cha Natalie Goldberg cha 1986. Waandaaji wenyewe wanayataja haya yote kikao cha kwanza, na hapo walinivutia, maana walimu wengi wa mambo haya hujifanya yamewashukia usiku.

Wiki mbili za kwanza zinachosha. Unakaa, mgongo unauma, akili inazurura, unairudisha. Muziki wa filimbi walioupachika nyuma ya sauti ya mkufunzi sijui ulikuwa wa nini, na hauna namna ya kuuzima. Vumilia tu.

Wiki ya tatu ndipo kozi inapoanza kulipa. Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza: fumba macho, mkumbuke mtu aliyewahi kukukera kwa jambo dogo, angalia mwili wako unafanya nini sasa hivi, kisha andika ulichokikuta humo na si kingine. Tuliposomeana, karibu darasa zima lilikuwa na sentensi moja. Moyo ulimwenda mbio. Kijasho chembamba kikamtoka. Akameza funda la mate. Mkufunzi hakucheka, aliuliza tu: hicho kijasho kilitoka wapi? Kwenye paji la uso, viganjani, au nyuma ya magoti? Kimya. Akatuambia turudi tukaangalie upya.

Nilirudi, na jasho halikuwepo hata tone. Kilichokuwepo ni ulimi uliobanwa juu kwenye kaakaa, sikio la kushoto lililopata moto, na macho yaliyokuwa yakihesabu vifungo vya shati la yule aliyekuwa akinisema, kutoka juu kwenda chini, halafu tena kutoka juu. Kifungo cha tatu kilikuwa cha rangi tofauti, kimeshonwa baadaye. Nilikuwa nimeshalisahau kabisa shati lile.

Sisi tunaoandika Kiswahili tumerithi ghala zima la misemo ya namna hii. Macho kumtoka pima, nywele kumsisimka, nguvu kumwishia, roho kumpaa. Ni misemo mizuri, na mahali pake ipo, lakini ina kasi mno: inafika kwenye karatasi kabla mwandishi hajaangalia chochote. Mazoezi ya kozi hii yanakufundisha kuichelewesha kidogo, pumzi moja au mbili, uone kama kuna kitu kingine nyuma yake. Mara nyingine hakuna, na msemo unabaki. Mara nyingine kuna kifungo cha shati.

Zoezi la pili ninalolisifu ni la pambizoni. Kila unapoandika na kuhisi hamu ya kuacha, kunywa maji, kushika simu, au kubadilisha mada, unaweka alama ya mkasi pembeni mwa mstari uliofikia na kuendelea. Hukemei hiyo hamu wala huichambui. Mwisho wa wiki unapekua daftari kutazama alama zimerundikana wapi. Mkufunzi alisema tusitafute maana ya kisaikolojia, tutazame hadithi tu: nini kilikuwa karibu kutokea pale?

Za kwangu zilirundikana kila mahali ambapo wahusika wawili walikuwa wanakaribia kugombana. Nilipozifuata alama hizo nikaona kitu ambacho hakuna mhariri aliyewahi kuniambia: katika hadithi zangu, ugomvi ukikaribia, mtu hubisha hodi. Au simu inaita. Au mvua inaanza na watu wanakimbilia kuanua nguo. Nina hadithi yenye mgeni wa ghafla mara tatu. Sipendi makelele maishani, basi na wahusika wangu nilikuwa nawaokoa. Sasa nikimsikia mgeni anakaribia mlangoni najua ninachokikimbia, na mara nyingi namwacha huko nje wale wawili wamalizane. Kwangu mimi hii ndiyo maana ya kujitambua kwa mwandishi, na peke yake inatosha ada niliyolipa.

Wiki ya tano wanabadilisha aina ya tafakuri. Badala ya kukaza akili kwenye pumzi, unaacha kila kinachokuja kije na kupita: sauti, mwasho, kumbukumbu, wimbo wa tangazo. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ni maneno matupu, lakini tofauti niliiona. Baada ya kufuatilia pumzi ninakuwa mtulivu na mtupu, sina la kuandika. Baada ya hii nyingine nakuja na vipande vya kila aina. Utafiti wa Lorenza Colzato na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta jambo linalofanana na hilo: tafakuri ya kuacha mambo yapite iliwasaidia watu kutoa mawazo mengi mbalimbali, ilhali ile ya kukazia kitu kimoja haikuleta faida hiyo. Tusilipige chumvi lakini. Waliopimwa walikuwa watu wenye uzoefu wa tafakuri, na kutaja matumizi mengi ya kitu cha kawaida, kipimo walichotumia, kuko mbali na kuandika hadithi yenye mwanzo na mwisho.

Sasa malalamiko.

La kwanza, wana imani kupita kiasi kwamba wazo linalokuja kwanza ndilo bora. Kauli hiyo ilienezwa na mshairi Allen Ginsberg, mwanafunzi wa Chögyam Trungpa, mwalimu wa tafakuri ya Kibudha, huko Naropa, taasisi iliyoanzishwa Boulder, Colorado, mwaka 1974, na mkufunzi wetu aliirudia kama dua. Lakini Ginsberg huyohuyo alilifanyia kazi nzito shairi lake Howl kabla ya kulichapa mwaka 1956. Rasimu zake zilitolewa kitabu mwaka 1986, na mtu anaweza kuona mwenyewe alivyokuwa akikata, akihamisha na kubadilisha maneno. Kozi nzima ina kikao kimoja tu kuhusu kusahihisha, nacho kimewekwa mwishoni, watu wameshachoka. Mazungumzo ya wahusika, mpangilio wa matukio, nani anasimulia na kwa nini: hayaguswi.

La pili linahusu kusomeana. Sheria ni kwamba ukishasoma, wenzako wanasema "asante" na basi. Kwa mwezi wa kwanza ni sheria nzuri, inawatoa woga waliokuwa wakitetemeka kusoma mbele za watu. Ila ikiendelea hadi wiki ya mwisho inageuka kulea. Niliwasikia wenzangu wakisoma vitu vilivyohitaji swali moja tu ili visimame, na swali halikuruhusiwa.

La tatu ni zito zaidi. Kuna wiki ya kuandika kuhusu majeraha ya nafsi, na inakuja bila maandalizi yoyote, kana kwamba ni zoezi kama mengine. James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa 1986, waliwataka wanafunzi kuandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu mambo yaliyowaumiza. Waliochimba hisia zao walitembelea kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata, na hilo ndilo mkufunzi alilolinukuu. Hakutaja nusu ya pili: mara tu baada ya kuandika, watu haohao walijisikia vibaya kuliko walivyoanza. Mwenzetu mmoja alizima kamera katikati ya kikao na hakurudi tena kwenye kozi. Niliwaandikia waandaaji kwamba wiki hiyo inahitaji onyo mapema, zoezi mbadala, na mtu wa kuzungumza naye. Walijibu kwa adabu. Kama wamebadilisha chochote sijaona.

Kwa hiyo kama una msiba wa karibu, au umewahi kupata shida ya hofu kali, ruka wiki hiyo bila kuomba ruhusa. Na kama kukaa kimya macho yamefumbwa kunakuongezea taharuki badala ya kuituliza, na kuna watu wa hivyo, fumbua macho, tembea, au acha kabisa. Zoezi la pambizoni halihitaji tafakuri yoyote.

Ningempendekezea nani? Mtu anayeandika tayari, anayejua kupanga hadithi, lakini anahisi sentensi zake zinafanana na za kila mtu. Huyo atavuna sana. Anayeanza kabisa atafurahi kwa wiki nane kisha atashindwa kujua afanye nini na madaftari yake. Kati ya nyota tano nawapa tatu na nusu. Ile nusu ni ya alama za mkasi.

Wameniandikia mara kadhaa nijiunge na ngazi ya pili, ambayo kwa maelezo yao ni tafakuri ndefu zaidi na kusomeana kwa "asante" kwa wingi zaidi. Nimekataa. Nimejiunga na kikundi kidogo cha watu wanaohaririana bila huruma, na kabla ya kukipelekea hadithi yoyote napitia pambizo kuhakikisha hakuna anayebisha hodi.