Ukiwa na shilingi London mwaka 1892: dawa zipi za chapa zinunuliwe, zipi ziachwe

Kabla ya kutazama chupa, tazama mfuko. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya London waligoma wakidai peni 6 kwa saa, wakazipata. Huo ndio ujira nitakaoutumia kama kipimo. Dawa nyingi za chapa, yaani zilizouzwa kwa jina la mtengenezaji bila kutaja viungo, ziliuzwa shilingi 1 na peni moja na nusu, na kwa kuwa shilingi ilikuwa na peni 12, hiyo ni peni 13 na nusu. Kuli alibeba magunia kwa zaidi ya saa mbili ili apate kikasha kimoja cha vidonge, tena hapo ni siku aliyobahatika kuitwa kazini.

Kila dawa hapa nimeipima kwa mambo matatu: mna nini ndani, kilichomo kinafanya nini mwilini, na kama kitu hichohicho hakipatikani kwa mfamasia kwa jina lake la kawaida na kwa bei nafuu. Zama zile mnunuzi hakuwa na njia ya kujua jambo la kwanza. Watengenezaji wengi hawakusajili hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa sababu kusajili kungewalazimu kutaja viungo. Sisi tunajua kwa sababu kemia ilifanya kazi yake baadaye, hasa mwaka 1909, pale Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipochapisha uchambuzi wa dawa nyingi za aina hii pamoja na gharama ya vilivyomo.

Kwanza, stempu

Ile peni moja na nusu juu ya shilingi ilikuwa kodi. Tangu 1783 serikali ilizitoza dawa hizi ushuru, na ushahidi wa malipo ulikuwa ukanda wa karatasi uliobandikwa juu ya kizibo au kuzungushwa kwenye kasha, usiweze kufungua bila kuuchana. Ukanda ulichapwa kwa ustadi, una maneno ya serikali, na mara nyingi una jina la mtengenezaji. Mtu akiuona aliamini kwamba serikali imeikagua dawa na kuipitisha. Wenye dawa walilijua hilo vizuri, wakawahimiza wateja wasikubali chupa isiyo na stempu. Ikafika mahali maneno yakaongezwa kwenye stempu yenyewe kwamba haimaanishi dhamana yoyote ya serikali.

Kwa hiyo stempu ichukulie kama risiti ya kodi, basi. Tena sheria ya sumu ya mwaka 1868, iliyowabana wauzaji wa afyuni kavu, iliziacha nje dawa za chapa. Chupa yenye stempu iliweza kuwa na mofini, kiini kikali cha afyuni, ndani bila neno lolote kwenye lebo.

Nafasi ya 1: Eno's Fruit Salt

Hii wasomaji wa Afrika Mashariki mnaijua, maana ENO ipo dukani hadi leo. James Crossley Eno alikuwa mfamasia wa Newcastle, na unga wake ni bikaboneti ya sodiamu pamoja na asidi za aina ya ile iliyomo kwenye ndimu na zabibu. Ukitia maji unafoka, unakunywa, kiungulia kinapoa na gesi inatoka. Kinachofanya kazi kinaeleweka, na kipimo cha kawaida hakimdhuru mtu mzima mwenye afya.

Matangazo yake yalivuka mipaka, yakaahidi kinga dhidi ya homa. Hayo yapuuze. Ukiinunua kwa ajili ya tumbo, hujadhulumiwa. Mwenye haraka ya kubana matumizi aombe bikaboneti tupu kwa mfamasia, atapata nafuu ileile bila povu la kupendeza.

Nafasi ya 2: Beecham's Pills (na Holloway's, kwa shingo upande)

Thomas Beecham alizaliwa Oxfordshire mwaka 1820, akachunga kondoo utotoni, kisha akauza dawa sokoni kabla ya kujenga jina lake St Helens. Tangazo lake lilisema kila kikasha kina thamani ya gini, yaani shilingi 21. Orodha ya maradhi ilikuwa ndefu: upepo tumboni, kizunguzungu, kushiba kupita kiasi, usingizi wa mang'amung'amu, kutetemeka, hata ndoto za kutisha.

Ndani mlikuwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Shubiri ndiyo dawa. Tangawizi hupunguza msokoto wa tumbo, sabuni hushikamanisha kidonge. Wachambuzi wa 1909 walikadiria kwamba viungo vya vidonge 56 viligharimu nusu ya robo ya peni. Piga hesabu: unalipa zaidi ya mara mia ya thamani ya kilichomo.

Hata hivyo naiweka nafasi ya pili, na nina sababu. Choo kigumu kilikuwa tatizo la kweli kwa watu wanaoshinda wakila mkate mweupe na chai, na shubiri hulainisha choo bila shaka yoyote. Mwenye shida hiyo alipata alichohitaji. Mwenye kizunguzungu cha njaa au ndoto mbaya alipata kuhara tu. Mjamzito asiiguse kabisa, maana shubiri husokota tumbo na wanawake wengine waliitumia makusudi ili mimba itoke.

Vidonge vya Thomas Holloway, vilivyotangulia vya Beecham, vilitegemea shubiri vilevile, na marhamu yake iliuzwa pamoja navyo kama jozi. Fedha alizovuna zilijenga chuo cha wanawake huko Egham kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1886, na jengo hilo ni zuri kwelikweli. Mnunuzi wa vidonge hakuongezewa chochote kwa hilo. Ukiwa na Beecham's nyumbani, Holloway's ni kununua kitu kimoja mara mbili. Na mwenye kuuliza vizuri angeomba vidonge vya shubiri kwa mfamasia yeyote, akaviacha vyote viwili rafuni. Shubiri yenyewe haikuwa kitu cha siri: ile ya Sokotra ilisafiri kupitia Zanzibar na Bombay kabla ya kufika London, na bibi zetu wa pwani wangeitambua kwa ncha ya ulimi.

Nafasi ya 3: Dr Williams' Pink Pills for Pale People

Bei iko juu, shilingi 2 na peni 9 kwa vidonge 30. Hizo ni saa tano na nusu za kuli. Ndani mna salfeti ya chuma, na msichana aliyepauka kwa upungufu wa damu alihitaji chuma hasa. George Fulford wa Brockville, Kanada, aliinunua fomyula mwaka 1890 kwa dola 53 na senti 1, akawa tajiri mkubwa, kisha seneta.

Ningeipandisha juu kama isingekuwa kwa mambo mawili. Wachambuzi waligundua vidonge vimetengenezwa ovyo, sehemu ya chuma ikiwa imeshaharibika kabla ya kufika mdomoni. Halafu matangazo yake yaliandikwa kama habari za gazeti, na humo vidonge viliponya hata waliopooza. Madaktari walikuwa na vidonge vya chuma vya Blaud, vinavyojulikana kilichomo. Omba hivyo.

Nafasi ya 4: mpira wa moshi wa kaboliki

Aliyesoma sheria Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ameshatabasamu. Kesi ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company bado hufundishwa kwa wanafunzi wa mikataba katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria za Kiingereza. Hapa lakini tunaitazama bidhaa.

Ni mpira wa kubonyea, una kijineli, ndani una unga wenye asidi ya kaboliki, kemikali ya kuua vijidudu. Unaweka kijineli puani, unaminya, unga unapanda kama moshi, pua inaanza kuchuruzika. Bei shilingi 10, na kujaziwa upya shilingi 5. Kwa kuli, shilingi 10 ni saa 20 za kazi. Mtengenezaji, Frederick Roe, alikuwa na hataza ya kweli, jambo adimu katika biashara hii, na wala hataza haikuufanya mpira uzuie ugonjwa.

Influenza ilikuwa inaua watu Ulaya nzima. Mnamo Novemba 1891 kampuni ilitangaza kwamba italipa pauni 100 kwa yeyote atakayeugua influenza baada ya kutumia mpira mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, na kwamba imeweka pauni 1,000 kwenye Alliance Bank kuonyesha haitanii. Louisa Carlill aliununua tarehe 20 mwezi huohuo, akautumia kama alivyoelekezwa. Tarehe 14 Januari 1892 influenza ilimuua mjukuu wa Malkia, Albert Victor. Siku tatu baadaye Bi Carlill akaugua. Kampuni ilikataa kulipa, ikasema tangazo lilikuwa majigambo ya biashara tu. Mahakama ya Rufani ikasema lile fungu la benki linathibitisha waliahidi kwa dhati, na walipe. Bi Carlill aliishi hadi 1942, akafa akiwa na miaka 96.

Roe hakufunga duka. Alianzisha kampuni mpya na kutangaza zawadi ya pauni 200, safari hii akiizungushia masharti. Mnunuzi ashike hapo: kiasi cha zawadi hakisemi lolote kuhusu dawa.

Mkanda wa umeme wa Harness, uliouzwa Oxford Street kwa ajili ya neva na mgongo, nauweka kapu hilohilo. Usinunue.

Nafasi ya 5: Chlorodyne ya Dr J. Collis Browne

Nimeuweka mpira usiofanya kazi juu ya dawa inayofanya kazi, na nasimama hapo. Browne alikuwa daktari wa jeshi India, akaichanganya mwaka 1848 kwa ajili ya kipindupindu: mofini, klorofomu na dondoo la bangi. Kuanzia 1856 Davenport wa London aliiuza. Maumivu yanatulia, kikohozi kinakatika, kuhara kunasimama. Ndiyo maana familia nyingi ziliiweka kabatini.

Lakini kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji na chumvi, na matone haya hayarudishi hata tone moja la maji. Tena mwili unazoea. Aliyeanza kwa kikohozi anaendelea bila kikohozi, na kipimo kinapanda hadi siku asiyoamka. Mgonjwa wa kuhara apewe maji yaliyochemshwa. Chlorodyne ikibidi, iwe matone machache usiku mmoja, mkononi mwa daktari.

Nafasi ya mwisho: dawa za kutuliza watoto

Mrs Winslow's Soothing Syrup ilitoka Maine, Marekani, mwaka 1849, ikauzwa pia Uingereza kwa shilingi 1 na peni moja na nusu. Matangazo yalikuwa na picha za mama mwenye uso mtulivu na mtoto anayeota meno. Iliyokuwa ndani ni mofini, takriban miligramu 65 katika kila aunsi. Godfrey's Cordial ilikuwa afyuni iliyotiwa kwenye asali ya miwa, na ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu kila muuzaji aliichanganya kivyake. Afyuni ilizama chini ya chupa, hivyo vijiko vya mwisho vilikuwa vikali kuliko vya mwanzo. Mama aliyeona kijiko kimoja hakikumdhuru mwanawe wiki iliyopita hakuwa na namna ya kujua.

Katika miji ya viwanda mama alirudi kazini siku chache baada ya kujifungua, mtoto akabaki kwa mlezi mwenye watoto wengine kadhaa. Mlezi alitoa kijiko ili wote walale. Wengine walikufa kwa dozi moja kubwa. Wengi zaidi walikonda polepole, kwa sababu mtoto aliyelewa usingizi halii njaa wala hanyonyi. Mama hawa siwalaumu hata kidogo. Lawama ni ya waliojaza chupa na kunyamaza kwenye lebo.

Mtoto mwenye chango apewe Woodward's Gripe Water, iliyoanzia kwa mfamasia wa Nottingham mwaka 1851: mafuta ya mbegu za shibiti (dill), bikaboneti, na wakati huo pombe kidogo. Pombe hiyo siipendi, ila afyuni haimo. Na kama chupa ya Winslow's au Godfrey's iko tayari rafuni, mwaga yote, hata ile nusu uliyoilipia.