Tuyo ya esansi (mpira wa petroli) ya ndege yetu: uzoefu wangu na magazini moja ya vipuri hapa Lubumbashi

Nilijiambia nitaandika nikiwa nimetulia. Sijatulia. Kila nikikumbuka yule patro, mwenye duka, alivyomjibu muyomba wangu mbele ya wateja, moyo unachemka upya, basi naandika hivi hivi.

Mimi na muyomba tunajenga ndege ndogo ya viti viwili kwenye kibanda nyuma ya nyumba, upande wa njia ya Kipushi. Mbao na kitambaa, mabawa juu, tangi moja ndani ya kila bawa, na injini ya Rotax 912 ya nguvu za farasi 80 iliyotoka Afrika Kusini ikiwa imeshatumika. Muyomba alipinda mabomba viwandani maisha yake yote ya kazi, mimi nina garaji. Hatujaruka bado. Hii kazi tunaifanya jioni na siku ya Posho, yaani Jumamosi, pesa ikipatikana, na ikikosekana tunafagia kibanda na kuiangalia tu.

Sehemu kubwa ya njia ya mafuta kwenye ndege yetu ni bomba la aluminiamu, na hilo muyomba alilichanua midomo mwenyewe kwa nyuzi 37, maana nati za ndege zinataka nyuzi 37. Vifaa vya kuchanulia mabomba ya magari na ya friji vinatoa nyuzi 45. Ukichanganya hizo mbili utaona nati imekaza vizuri, na siku ya kwanza haitavuja, lakini chuma kinagusana kwenye ukingo mwembamba tu na mtetemo wa injini utakimaliza. Muyomba ananirudia hilo mpaka nalisikia usingizini. Bomba halikutupa shida. Shida ililetwa na tuyo, ule mpira laini unaotoka kwenye ukuta wa moto, ukuta unaotenga injini na chumba cha watu, kwenda injini. Pale lazima uweke mpira, kwa sababu injini inatikisika na bomba gumu litapasuka.

Tulihitaji kama mita mbili, tundu la milimita 8. Nikaenda magazini moja ya vipuri mjini, kubwa, yenye jina, ambayo nimenunua kwao miaka mingi. Kwenye ukuta wa nyuma ilining'inia roulo nyeusi ya mpira, imezungushiwa nyuzi ndani. Nikaigeuza kutafuta maandishi. Tuyo ya esansi huwa imeandikwa ubavuni, tena maandishi yanajirudia kila baada ya kipande kidogo: SAE J30R7 kwa injini za kabureta, J30R9 kwa zile za kudunga mafuta, ambayo ndani ina ngozi ya ziada isiyoogopa esansi. Hii haikuwa na neno hata moja.

Nikamuuliza patro. Akasema, "Papa, hii njo tuyo ya esansi. Maandishi yalifutika na vumbi. Batu ya makamyo banaitumikisha kila siku."

Nilimwamini. Hapo kosa ni langu na nalikubali: maandishi yanayofutika na vumbi hayapo duniani. Lakini nilimuuliza waziwazi, akanijibu waziwazi, na nikalipa bei ya tuyo ya esansi. Siku hiyo hiyo nilichukua na kolie nane, pete za kubania mpira, zile zenye kingo zilizokunjwa ambazo haziumi mpira. Kuhusu kolie nitarudi.

Siku ya kufunga tulifanya kipimo kama inavyotakiwa. Injini hii ikiwa na nguvu zote za kuondokea inakunywa lita 24 kwa saa. Ndege za kiwandani ambazo mafuta yake yanashuka yenyewe kutoka juu hudaiwa zipitishe mara moja na nusu ya hapo, na sisi wajenzi wa nyumbani tumeiazima kanuni hiyo kwa sababu ina akili. Mara moja na nusu ya 24 ni lita 36 kwa saa, yaani mililita 600 kwa dakika moja. Tukainua pua ya ndege kama inayopanda, tukabakiza mafuta kidogo tangini, tukafungua tuyo pale inapoingia kwenye pompa, tukaweka jagi la jikoni chini yake. Mke wangu ndiye aliyeshika simu akihesabu sekunde. Tulipata 640. Muyomba akapiga makofi.

Wiki zikapita, mbili au tatu. Ilikuwa wakati ule wa joto kabla mvua haijakolea, vumbi jekundu limejaa kila mahali. Tukafunga mkia kwenye mwembe kwa kamba nene, tukaweka magogo mbele ya magurudumu, tukawasha. Dakika chache za kwanza zilikuwa tamu. Kisha mshale wa msukumo wa esansi ukaanza kushuka. Rotax wanataka uwe kati ya bar 0.15 na 0.4. Wetu ulikuwa 0.3, ukaja 0.2, ukapita chini ya mstari, na injini ikaanza kutikisika kama mtu mwenye malaria. Injini hii ina kabureta mbili, kila moja inalisha upande wake. Upande mmoja ukinyimwa, mashine nzima inapigana yenyewe. Nikazima haraka.

Nilidhani ni mvuke. Mji wetu uko juu, uwanja wa Luano uko kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na huku juu mkandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo esansi inachemka upesi kuliko pwani. Tuyo ikipita karibu na egzosi, mafuta yanageuka mvuke ndani yake na pompa inabaki kunyonya mapovu. Tukaihamisha tuyo, tukaivika soksi ya kuzuia moto, tukahakikisha ile njia ndogo ya kurudisha mafuta tangini iko wazi, maana ndiyo inayotoa mapovu. Siku mbili za kazi. Tukawasha tena. Yale yale.

Ndipo muyomba aliposema, "Mwipwa, leta jagi."

Mililita 390.

Tangi lile lile, pua juu vile vile, jagi lile lile. Nikafungua kikombe cha kutegea maji, nikakuta chini kabisa vipande vyeusi vyembamba kama maganda ya kitunguu kilichoungua. Nikavua tuyo. Kule mwisho, pale ilipokuwa imebanwa na kolie, ngozi ya ndani ilikuwa imevimba na kujitokeza nje kama ulimi. Nikaipasua kwa wembe kwa urefu. Tundu la milimita 8 lilikuwa limebaki jembamba, penseli isingepita, na nilipoivuta ngozi ya ndani kwa kucha ilibanduka yenyewe, laini, inaacha weusi kwenye vidole. Nilikaa chini pale pale kwenye gogo. Kamba ilikuwa bado kwenye mwembe. Niliiangalia ile kamba kwa muda mrefu.

Mpira wa maji au wa hewa umetengenezwa kwa kitu kingine kabisa. Maji hauyaogopi, joto hauliogopi, ila ukiutia esansi unainywa na kuvimba. Kwa nje nyuzi zinauzuia kunenepa, basi unanenepea ndani, na njia inazibika. Kwa nje kabisa hauoni kitu. Tulikuwa tunaipitisha mkono kila asubuhi, tunatafuta nyufa na unyevu kama tulivyofundishwa, na ngozi ya nje ilikuwa nzuri, inang'aa.

Nikarudi magazini na muyomba, kipande kilichopasuliwa kikiwa kwenye mfuko. Sikwenda kugombana. Nilitaka tu pesa yangu, na zaidi ya pesa nilitaka ile roulo itolewe ukutani.

Patro hakukishika hata kile kipande. Akasema, "Ni esansi yenu njo mubaya. Munanunua kwa bakadafi."

Nikamwambia hatununui kwa bakadafi, wale wauza esansi wa barabarani, tunanunua pompani, na kila dumu tunalipima: unaweka maji kidogo kwenye chupa nyembamba, unachora mstari, unajaza esansi, unatikisa, unaacha itulie. Kama kuna alkoholi, maji yataifuata na mstari utapanda. Wetu haujawahi kupanda. Nilikuwa namweleza kwa heshima, kama ninavyokuandikia wewe.

Akanikata. Akamgeukia muyomba, mzee mwenye mvi, aliyevaa koti ili aje mjini, akamwambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Na wewe muzee muzima! Munajenga ka ndege ka mbao nyuma ya nyumba, munataka tuyo ya Boeing? Muende mucheze kwenu." Kisha akaonyesha kwa kidole lile bandiko ukutani, mali iliyouzwa hairudishwi wala haibadilishwi.

Watu wakacheka. Muyomba hakujibu. Alichukua kile kipande, akakifunga vizuri kwenye mfuko wake, akasema "asante, papa", akatoka. Njia nzima mpaka nyumbani hakuzungumza.

Hapo ndipo ningemaliza na kutoa hukumu. Lakini tulipofika kwenye kituo cha basi, kijana mmoja wa pale magazini alitukimbilia. Akamwomba muyomba msamaha, kwa mikono miwili, kama mtoto wa mtu anavyotakiwa. Kisha akaniambia pembeni kwamba ile roulo ilikuja pamoja na vitu vya kompresa, ni ya hewa, na wote mle ndani wanajua.

Wanajua!

Mwanzo nilitaka kuandika kwamba tuyo ni mbaya na magazini ni ya kawaida. Baada ya kusikia hilo nilitaka kuandika jina lao kwa herufi kubwa. Siandiki, kwa sababu yule kijana anakula pale, na patro akisoma atajua nani alisema.

Tuyo tunayotumia sasa ililetwa na mtu aliyekwenda Johannesburg, ndani ya begi la nguo. J30R9, maandishi meupe kila baada ya kiganja kimoja. Bei yake ilinifanya nikae kimya jioni nzima. Kabla ya kuifunga nilikata kipande cha urefu wa kidole, nikakitia kwenye chupa ya jemu yenye esansi, na pembeni yake nikaweka chupa nyingine yenye kipande cha ile ya zamani ambacho hakijatumika. Baada ya wiki mbili cha R9 kilikuwa vile vile, ukikibana kinarudi. Kile kingine kilikuwa kimetoa ulimi pande zote mbili na esansi imekuwa rangi ya chai. Hicho ndicho kipimo ninachomwomba kila mtu akifanye, awe na ndege, pikipiki au jenereta. Hakigharimu kitu. Tumeandika tarehe kwenye tuyo kwa rangi nyeupe, kwa sababu Rotax wanataka mipira yote ya injini hii ibadilishwe kila miaka 5 hata kama inaonekana mizima, na kwa mara ya kwanza naelewa kwa nini wanasema hivyo. Jagi lilitoa 630. Mshale umekaa 0.3 na hautikisiki.

Sasa kolie. Kolie zao ni nzuri. Tumezifungua na kuzifunga mara nyingi kwenye hii hadithi yote, hazijaliwa meno, hazijaingia kutu, hazijakata mpira popote. Mjini humu sijaona nyingine kama hizo. Kwa ajili yake nilikuwa nimeamua kuipa ile magazini nyota moja, kwa haki, maana hasira isinifanye niseme uongo.

Juzi nilihitaji nyingine nne. Nikaenda saa ambayo najua patro hayupo. Yule kijana alinihudumia, akamuulizia muyomba. Nikainua macho kwenye ukuta wa nyuma. Roulo ilikuwa bado pale, na sasa wameitundikia kikaratasi cha kartoni kilichoandikwa kwa kalamu nene TUYO YA ESANSI. Ilikuwa imepungua. Siku ile nilipokatiwa mita mbili ilikuwa imejaa mpaka kwenye msumari, sasa imebaki kama nusu.

Nilimuuliza kijana nani wamenunua. Akasema wengi, papa, hata sikumbuki.

Ile nyota naiondoa.