Ziara ya shamba la viungo Unguja: walituambia tuchume wenyewe, kisha wakamwambia mama asiguse

Kama unakwenda na watoto, nenda. Kama unakwenda na mzazi wako mtu mzima, na hasa kama mzazi huyo katoka Pemba, tafuta shamba jingine au kaeni zenu bustani ya Forodhani mjini mle urojo. Nimeanza na ushauri kwa sababu nikianza na hadithi nitaharibu, bado nimekasirika.

Ni hizi ziara za mashamba ya viungo, kule ndani ukishapita Bububu. Mashamba yako mengi na hili silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Tulikuwa likizo: mimi, mume wangu, watoto, na mama yangu mzazi. Kilichotuvuta ni tangazo lao: njoo na familia, chuma viungo mwenyewe, jaza kikapu. Wanangu wamezaliwa Dar. Iliki wanaijua ya kwenye pakiti, mdalasini wanaujua wa unga. Nikasema safari hii wakaone mti.

Pale langoni kijana wa mapokezi akamwona mume wangu, mtu wa Moshi, kavaa kaptula na kamera shingoni, akamkaribisha kwa Kiingereza na bei ya dola. Mume wangu akamwitikia kwa Kiswahili. Bei ikashuka palepale, hata hatujaomba. Hilo nimelisamehe. Bei ya mgeni na bei ya mwenyeji Zanzibar hazijaanza jana.

Tukapewa mtembeza wageni, kijana wa makamo, shati limepigwa pasi, na vikapu vidogo vya makuti, kila mtoto chake. Tukachanganywa na mtu na mkewe kutoka Ufaransa, watu wapole. Na niseme ukweli, mwanzo palikuwa patamu. Mzingefuri uliwamaliza watoto: unapasua lile ganda lenye miiba laini, ndani kuna mbegu nyekundu, ukizisugua kidole kinakuwa chekundu. Binti yangu akajipaka midomo, akampaka na mdogo wake mashavu, mpaka leo fulana yake haijatakata. Wakachimba manjano, wakavunja majani ya mchaichai, wakaonyeshwa kuwa pilipili manga nyeusi na nyeupe zatoka kwenye mtambaa mmoja, ni suala la kuichuma mbichi ukaianika au kuiacha iive ukaivua ganda. Mkubwa wangu alidhani ni mimea miwili. Hata baba yake alidhani hivyo, ila alinyamaza.

Lakini kilichonishika mimi ni kungumanga. Miaka yote natia kungumanga kwenye uji na kwenye visheti na sijawahi kuiona mtini. Tunda la manjano, limepasuka lenyewe pembeni. Unalifungua, ndani kuna kokwa ya kahawia inayong'aa, na kokwa yenyewe imefungwa wavu mwekundu, mwekundu kweli, mbichi na unyevunyevu. Huo wavu ndiyo basbasi. Kitinda mimba wangu akauliza, “Nani kaipaka rangi?” Hapo nilikuwa tayari kuwasifia hawa watu mpaka basi.

Tukafika kwenye mikarafuu.

Mama yangu ni Mpemba wa Wete. Kakulia chini ya mikarafuu, kachuma, kachambua, kaanika kwenye majamvi, kakimbia na karafuu mikononi mvua ikitaka kunyesha. Njia nzima alikuwa kimya, anatabasamu tu, anawaachia watoto. Alipouona mkarafuu akasogea mwenyewe, akaugusa gome.

Mtembezaji akaanza. Unguja ndiyo nyumba ya karafuu, akasema. Haya. Karafuu zilianza kupandwa kwa wingi Unguja, ni kweli, lakini kile kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikabaki imesimama, na tangu hapo karafuu nyingi ni za Pemba. Mama hakusema neno. Kisha yule kijana akashika tawi, akaonyesha vikonyo, yaani vishada vya karafuu, akasema: “Karafuu ni ua. Tunalisubiri lichanue vizuri, ndipo tunachuma.”

Mama akamwambia, kwa upole kabisa, “Hapana mwanangu. Ikishachanua imeharibika hiyo. Huchumwa ingali imefumba, ikianza tu kupiga wekundu.”

Sasa mtu mwenye akili hapo angefanya nini? Ana bibi wa Kipemba mbele yake, mchumaji, bure, hamlipi. Angemwambia, bi mkubwa hebu tusimulie. Yeye akacheka. Akawageukia wale Wafaransa, akawaambia kwa Kiingereza kwamba wazee wetu wana imani zao za kale. Imani! Kama vile mama kamwambia mkarafuu una shetani. Kiingereza mama hakijui. Mimi nakijua.

Nilikuwa bado natafuta la kumjibu, mama kanyosha mkono akakata kikonyo kimoja amwonyeshe. Kimoja. Jamaa akapaza sauti: “Bi mkubwa, usiguse! Karafuu mali ya Serikali hiyo, utatutia matatani!”

Mbele ya wajukuu zake.

Najua habari ya karafuu na Serikali. Zanzibar mnunuzi ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na mtu akikamatwa na magunia anayavusha kwa magendo kwenda Mombasa ana kesi ya kujibu, na sina ugomvi na hilo. Lakini magunia ni magunia. Kikonyo kimoja mkononi mwa bibi, kwenye shamba lililotangaza “chuma mwenyewe”, ni magendo ya wapi? Watoto wamevunja mchaichai, wameng'oa tangawizi, hakuna aliyeambiwa asiguse.

Mama akamtazama. “Serikali? Wewe umezaliwa lini, baba? Babaangu mie kapewa eka tatu, na mikarafuu ikiwa ndani yake.” Ni zile eka tatu Serikali ilizowagawia watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Akakirudisha kile kikonyo kwenye jani chini ya mti, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu. Akasema kachoka, sisi tuendelee, akaenda kukaa kwenye benchi la mbao.

Mimi nikamfuata yule bwana pembeni. Nikamuuliza kwa nini kamfokea mama yangu. Jibu lake nalinukuu: “Dada, mimi nimesomea. Nina cheti.”

Cheti! Nilimwambia mengine ambayo siandiki hapa.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kinachonichanganya kwenye kutoa hukumu. Binti yangu hakuendelea na ziara. Alikwenda kukaa na bibi yake, na mama mkobani hakosi karafuu kavu, anatafuna kwa ajili ya jino. Akatoa moja akamwekea kiganjani. Akamwonyesha kile kichwa cha mviringo kilichokaa juu ya zile ncha nne. “Hiki ndicho ua lenyewe, limefumba. Lingechanua hiki kingedondoka, ungebaki na kijiti.” Mtoto akakibandua kwa ukucha, akaona ndani. Kila siku anazitoa kwenye pilau anaziweka pembeni ya sahani, hajawahi kujua anatoa maua. Yule mama wa Kifaransa akamwacha mtembezaji na cheti chake, akaja. Mumewe naye akaja. Nikawa mkalimani. Mama akawaonyesha kwa mkono mtupu namna ya kuchambua: unakishika kikonyo, unakisokota kwenye kiganja, karafuu zinaanguka huku, makonyo yanabaki kule, na makonyo nayo hayatupwi, yanauzwa. Mkono wa miaka sabini na ushei, lakini ulivyokwenda usingeufuata kwa macho.

Mtembezaji akasimama mbali anaangalia saa. “Twendeni jamani, muda.”

Mengine ni ya kawaida. Kijana mwingine akapanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni huku anaimba, akatuangushia madafu, akawasukia watoto kofia na tai za makuti, akapewa bakshishi yake. Huyu kijana alikuwa na adabu: aliposhuka tu alimwendea mama benchini, akamwamkia, akamkatia dafu lake kwanza kabla ya Wazungu. Mama akamuuliza kwao wapi. Kumbe Mpemba naye, wa Konde. Wakaongea wao mpaka tukawasubiri. Kwenye duka lao bei ni za kuchekesha, nendeni soko la Darajani. Vikapu vya watoto vilipimwa pamoja na kikapu chenyewe, yaani tumenunua makuti kwa bei ya iliki, lakini kwa hali niliyokuwa nayo sikuwa na nguvu ya ugomvi wa pili.

Niliwapigia simu kesho yake. Meneja, mwanamke, alinisikiliza vizuri, akaomba radhi, akasema yule kijana ni mgeni kazini. Mgeni mwenye cheti, nikamwambia. Akasema twende tena siku yoyote, bure, familia nzima, na mama akipenda awatembeze yeye wageni hiyo siku. Alikuwa anatania au hakuwa anatania, sikujua. Nilipomfikishia mama akajibu, “Mie nikitaka karafuu napanda boti n'enda kwetu.” Halafu baada ya chakula akauliza, hao wageni huwa wanakuja siku zote au msimu tu?

Kwa hiyo sijui niwaambie nini. Shamba ni zuri. Miti ipo, kivuli kipo, kungumanga ile pekee inalipa nauli. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kuna tope na siafu. Na pale langoni ulizeni mapema nani anawatembeza. Kama ni mwenye shati la pasi, kataeni bila aibu, ombeni yule mpanda mnazi. Kutembeza si kazi yake, lakini mti anaujua na watu anawajua.

Watoto wanauliza Desemba tunakwenda tena au hatwendi. Baba yao kasema tutaona. Mimi nilishaapa sirudi, ila tukienda nitalipa kiingilio chetu chote mwenyewe, cha bure cha meneja sikitaki.